Maharamia wa Lugano

Alhamisi mchana, Lugano alipoingia katika kile kituo kidogo cha redio pale Kyela mjini, wote waliokuwemo waliinuka kumsalimia isipokuwa Felista. Yeye alibaki ameketi, macho kwenye matangazo ya vifo ambayo hata hakuwa akiyasoma. Aliisikia ile sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa ikimtania mhasibu, ikimwita fundi mitambo kaka, ikiwaamkia wakubwa kwa Kinyakyusa kilichoanza kushika kutu ya Dar es Salaam. Sauti hiyo aliijua tangu akiwa msichana wa sekondari.

Felista ndiye aliyekuwa mtangazaji wa kipindi cha Jumamosi mchana, kipindi cha simu, mitandao na magemu. Kilianzishwa ili kujaza pengo kati ya taarifa ya habari na nyimbo za injili, lakini kikaja kusikilizwa kuanzia Njisi kule mpakani hadi ufukweni Mwaya, na si na vijana peke yao. Wanawake walikifungulia redio wakianika kakao uani, kwa sababu Felista alikuwa na ulimi. Gemu likiwa bovu alisema bovu, akaeleza na ubovu wenyewe uko wapi, mpaka bibi ambaye hajawahi kushika simu ya maana akaelewa na kucheka.

Lugano alikuwa ametengeneza gemu. Yeye na wenzake wawili walikuwa wamejifungia nalo Dar kwa miaka, na sasa lilikuwa limetoka na lilikuwa likisifiwa. Waliliita Mwera, kwa jina la ule upepo wa kusini unaolivuruga ziwa. Lilikuwa gemu la maharamia wa ziwani, tena la wazi: mchezaji hapewi njia ya kufuata wala mwisho wa kufikia. Anapewa mtumbwi mbovu na ziwa zima, kisha anaachwa afanye anachotaka. Baada ya gemu kusikika mbali, Lugano alitaka lisikike nyumbani, na meneja wa kituo, Bwana Eliya, alikwisha kumkubalia kabla ya kumuuliza mwenye kipindi.

"Utamkaribisha Jumamosi," Bwana Eliya akamwambia Felista. "Ni mtoto wa hapa."

Felista akajibu kwamba lazima alicheze kwanza.

"Licheze," Lugano akasema, akimwekea kompyuta yake mezani. "Ila cheza kama mchezaji. Usicheze kama Felista."

Wawili hawa hawakuwa wakipikika chungu kimoja, na Mwaya nzima ilijua sababu, ingawa wengi waliiona ni ndogo. Walikulia mtaa mmoja, Felista nyumba ya tatu, Lugano ya nne. Baba yake Felista, mzee Ambokile, alikuwa mvuvi hadi siku alipotekwa katikati ya ziwa na watu wenye boti ya kasi. Walichukua injini, wakachukua nyavu, wakamsukuma majini. Aliokotwa na wasafiri akiwa ameling'ang'ania dumu la mafuta, na tangu siku hiyo hakukanyaga mtumbwi tena. Alilima mpunga katika mashamba ya watu, akawa mtu wa maneno machache, na nyumbani kwake habari ya ziwa haikuzungumzwa.

Miaka michache baadaye shuleni kwao kukawa na shindano la insha. Lugano akaandika juu ya mkasa huo, akashinda, na siku ya wazazi akaitwa mbele kuisoma. Aliisoma vizuri mno, na hapo ndipo ulipokuwa uchungu wenyewe. Alipofika mahali mvuvi anapowasihi waporaji, aliikunja sauti ikawa ya mzee: "Chukueni injini, wanangu. Nyavu niachieni. Nyavu ni za kuazima." Ukumbi ukaangua kicheko. Mzee mzima kuwaita wezi wanangu, na roho ikiwa inatoka bado anawaza nyavu za watu. Ambokile alikuwa amekaa katika benchi la tatu, amevaa shati lake la kanisani. Hakucheka, na wala hakuondoka. Kwa muda uliobaki wa shule, Felista akipita, wavulana walinong'ona kwamba nyavu ni za kuazima.

Lugano hakuomba radhi kamwe. Huenda hata hakujua kwamba palikuwa na jambo la kuombea radhi, na Felista aliyekwisha kuwasamehe wengine wote waliocheka, huyu alimbakiza. Baba yake alipofariki kitandani mwake, kwa maradhi ya kawaida, Lugano alituma rambirambi kutoka Dar. Felista aliisoma, akaifuta.

Ijumaa hakwenda kazini. Aliiweka ile kompyuta juu ya meza ya sebuleni, akafungua dirisha apate hewa, akaanza kucheza akiwa na hamu moja tu, ya kulichukia gemu. Uani mama yake, Rut, alikuwa amekaa juu ya gunia akisugua chungu kibichi kwa kokoto. Alikuwa Mkisi wa Ikombe, kwa wafinyanzi, aliyeolewa Mwaya, na mikono yake haikujua kupumzika.

Hamu ile ya kuchukia ilikataa kutimia. Maji ya Lugano yalikuwa maji kweli. Mawimbi yalikuja mafupi, manene, moja likimkanyaga mwenzake kisigino, jinsi yanavyokuja Mwaya na si penginepo. Wingu likianza kuteremka milima ya Livingstone, ulipaswa kujua kwamba muda wa kugeuza umefika, na hakuna maandishi yaliyotokea kukuambia. Mtumbwi uliopakiwa vibaya ulilala ubavu. Mabaharia uliowaajiri walikuwa na tabia zao: mmoja mvivu, mwingine anaimba, mwingine ukimnyima chakula anashuka pwani ya kwanza na kukuacha. Felista alizunguka bila shabaha. Aliingia katika ghuba ambayo haikuwa na jambo lolote isipokuwa uzuri wake, akakaa humo. Alinusurika dhoruba moja kwa kukata kamba ya shehena, na alipoinua kichwa akakuta jua limekwisha kuvuka paa la jiko, chai yake imekuwa maji, na meno yake yameachana kwa tabasamu. Akalifuta tabasamu lile kwa kiganja kama mtu afutaye shombo.

Kisha akajaribu kuishi humo kwa haki. Alivua usipa, dagaa wa ziwa lile, akaupeleka sokoni, akauza, akarudi kuvua. Wanunuzi wote walikuwa na salamu moja. Mwanamke wa vyungu alisimama ufukweni asubuhi na jioni, hakuna aliyenunua chungu chake, na ukimsogelea alikuwa na neno moja la kusema. Felista alipita kutoka kijiji hadi kijiji akakuta nyumba ambazo milango yake haifunguki, na watu waliosimama kama waliochorwa ukutani. Fedha aliyoipata kwa uvuvi haikuwa na cha kununua ila boti kubwa zaidi, na boti kubwa zaidi ilikuwa na kazi moja tu. Gemu halikumkataza kuwa mwema. Lilimwacha tu, kama mgeni asiyepewa kiti.

Hatimaye akateka. Alijiambia ni kwa ajili ya kazi, kwamba hawezi kusema juu ya jambo asilolionja. Hapa Lugano alikuwa amemwaga kila alichonacho: ngoma zilipanda taratibu, injini ikanguruma mpaka vidole vikatetemeka, mabaharia wakasimama wakishika kingo, na yule mvuvi mbele akawa anapiga makasia kwa hofu iliyoonekana hata mgongoni. Felista aliifurahia mbio ile, na alijua kwamba anaifurahia. Alipomfikia, mvuvi akageuka, akainua mikono.

"Chukueni injini, wanangu," mvuvi akasema. "Nyavu niachieni. Nyavu ni za kuazima."

Ile kokoto uani ikanyamaza.

Kwa kuwa hakutaka kuamini, Felista akaenda kumteka mvuvi mwingine kijiji cha mbali. Huyu alikuwa kijana, kavaa nguo nyingine, na alisema maneno yaleyale kwa sauti ileile ya kizee. Akamteka wa tatu. Alipogeuka, mama yake alikuwa amesimama mlangoni, udongo umemkaukia hadi viwikoni.

"Na huyo naye amesema hivyo," Rut akasema.

"Wote wanasema hivyo, mama. Ndivyo lilivyotengenezwa."

Rut alikitazama kioo. Mtumbwi mtupu ulikuwa ukielea, na mvuvi alikwisha kutoweka, kama gemu lilivyozoea kuwaondoa watu likimalizana nao.

"Kwangu baba yako aliyasema mara moja tu," akasema. "Sikumwomba ayarudie."

Akarudi uani. Felista akaifunga kompyuta bila kuizima.

Jumamosi studio ilijaa kuliko kawaida, kwa kuwa wafanyakazi waliokuwa mapumzikoni nao walikuja kumwona Lugano. Bwana Eliya mwenyewe alikaa nyuma ya kioo karibu na fundi mitambo, kijana Lameck. Felista alikuwa amejiahidi kitu kimoja, kwamba hataiba haki ya mtu. Kwa hiyo alianza na mazuri, akayasema yote: maji, upepo, wingu la milimani, mabaharia wenye tabia, ile raha ya kwenda usikoelekezwa. Alisema hajawahi kucheza gemu lililolijua ziwa hili kiasi hicho, na alilisema kwa moyo mweupe. Lugano akaegemea kiti, akawa anatikisa kichwa taratibu kama mtu anayesikiliza wimbo wake ukipigwa harusini.

Ndipo Felista akaeleza habari ya usipa, na milango isiyofunguka, na mwanamke wa vyungu.

Lugano akacheka kidogo. Akaeleza wasikilizaji kwamba gemu la namna hii ni la uhuru, kwamba baadhi ya watu hawajazoea uhuru, wakipewa ziwa wanatafuta foleni ya kupanga.

"Hakuna anayekulazimisha kuteka," akamalizia. "Umeteka mwenyewe."

"Nilivua kwanza."

"Ukachoka."

"Nilichoka kwa sababu huku hukuweka kitu. Anayeteka umempa ngoma, na mbio, na ziwa zima. Anayetekwa umempa maneno matatu, anayarudia kama kasuku. Hana mke, hana jina, kesho hakumbuki kwamba ulimpora jana. Huo ni uhuru wa mwizi peke yake, Lugano."

"Ni gemu la maharamia. Ulitaka liwe la kwaya?"

Nyuma ya kioo watu walicheka. Felista alingoja kicheko kiishe. Sauti yake, kama walivyosimulia baadaye walioisikia, ilikuwa tulivu kupita kiasi.

"Na hayo maneno matatu si yako," akasema. "Ni ya baba yangu. Aliyasema akiwa anakaribia kufa. Uliyasoma shuleni watu wakacheka naye akiwa amekaa pale, na sasa umeyaweka ndani ya kila mtumbwi ili kila mtoto mwenye kompyuta amfanye aombe tena."

Lameck aliinua mkono kutaka kuweka wimbo. Bwana Eliya hakujua akubali au akatae.

Lugano hakuwa akitabasamu tena. Aliivuta maiki karibu.

"Baba yako aliyasimulia kwetu," akasema. "Kwa miaka. Kila alipotoka shamba alipitia kwa baba yangu, akasimulia, na akifika hapo anacheka mwenyewe kabla yetu. Mimi niliandika nilichosikia. Kama kwenu hakusimulia, jiulizeni wenyewe mlikuwa mnamsikilizaje."

Wimbo wa injili ukaingia kwa ghafla, katikati ya ubeti.

Felista hakumbuki alivyotoka studio. Anachokumbuka ni kwamba alijikuta amesimama upande wa nyuma, penye mapipa ya maji, akiwa na hasira ambayo haikuwa na pa kutua. Lau Lugano angemtukana, angejua la kufanya. Lakini alikuwa amempa baba mwingine, anayecheka, aliyekuwa akifika nyumba ya nne kila jioni na kuipita ya tatu, na Felista hakuwa na njia ya kusema ni uongo.

Alimuuliza mama yake. Rut hakukana. Alisema ndiyo, Ambokile alikuwa akikaa sana kwa wale watu, na yeye hakuwahi kuuliza wanazungumza nini. Halafu akamwambia bintiye asogeze chungu juani.

Kilichofuata ni kwamba Felista alilaumiwa. Watu hawakupenda kuona mtoto wa nyumbani aliyetoka na kitu cha maana akivuliwa nguo redioni. Vijana wa mjini walimtumia ujumbe wa matusi, wengine wakimwita mchawi wa maendeleo. Mchungaji alizungumzia ulimi Jumapili mbili mfululizo bila kutaja mtu. Bwana Eliya, aliyeogopa zogo kuliko alivyoogopa ukame, akakipumzisha kipindi na kumrudisha Felista kwenye matangazo ya vifo na mikutano ya hadhara. Kitu kibaya zaidi kilikuwa mtaani. Lugano hakurudi Dar. Alikuwa amehamia chumba cha uani kwa wazazi wake akifanya kazi humo, na asubuhi walipishana njiani, bega kwa bega, bila hata ile salamu ya "Ugonile" ambayo Mnyakyusa humpa hata mdai wake. Mama zao nao wakaacha kuazimana chumvi. Rut alipeleka vyungu vyake mnadani akizungukia njia ya mbali, asipite mbele ya mlango ule.

Felista aliichukua chuki hiyo akaitunza. Aliamka nayo, akaenda nayo kazini, akarudi nayo. Wakati mwingine akisoma majina ya wafu wa watu alijikuta anatunga majibu ambayo angempa Lugano siku ile kama wimbo usingeingia. Yote yalikuwa mazuri, na yote yalikuwa yamechelewa.

Mpunga ulikuwa unavunwa wakati Lameck alipomfuata ofisini, akiwa na sura ya mtu aliyetumwa na msiba. Alimwambia toleo jipya la Mwera limetoka.

"Nawe umo ndani," akasema. "Dada, usikasirike mbele yangu tafadhali. Mimi nimekuja kukuambia tu."

Alimwonyesha kwenye kompyuta yake mwenyewe. Katika kila ufuko sasa palikuwa na mwanamke aliyeitwa Felista Mdomo. Kichwa kikubwa, shingo nyembamba, mdomo mpana kama wa kambale, mikono kiunoni. Alipiga kelele ya kukwaruza ambayo Lugano alikuwa ameifanyia kazi kwa upendo mkubwa wa chuki. Ulikuwa huwezi kumuua. Uliweza kumtupa majini, na wachezaji walikuwa wakimtupa kwa furaha, lakini aliogelea akarudi akiwa amelowa na anapayuka zaidi. Mjini vijana walikwisha kuiga sauti ile. Jioni hiyo alipopita sokoni kununua nyanya, mmoja aliipiga nyuma yake, na wauza nyanya wakainamisha nyuso.

Kesho yake alimwomba Lameck ile kompyuta, akaenda nayo nyumbani, akaketi mezani pale pale pa mwanzo. Alitaka kulijua tusi lake lote, hadi ukingoni. Akachukua boti, akateka.

Mvuvi hakuinua mikono. Alimtazama, akamuuliza yeye ni mtoto wa nani. Wa pili alipigana, akavunja kasia kichwani mwa baharia. Wa tatu alitema mate, akataja jina lake na la kijiji chake, akasema atakumbuka. Na kweli alikumbuka. Felista aliporudi kijiji kile siku iliyofuata ya gemu, alimwona Felista Mdomo akienda mlango kwa mlango, na milango, ile ambayo zamani haikufunguka, ikafunguka mmoja mmoja na watu wakatoka. Mitumbwi ilikuwa imevutwa hadi migombani. Hakuna aliyemuuzia samaki wala maji ya kunywa. Mwanamke wa vyungu alivificha vyungu vyake, akakaa mlangoni pa jiko lake na panga mapajani. Felista alipolala ufukweni, aliamka akakuta kamba ya boti imekatwa. Akaenda kijiji cha jirani, habari ilikuwa imemtangulia. Yule mwanamke wa kichwa kikubwa alikuwa amefika kabla yake, amesimama juu ya jiwe, anapayuka.

Alicheza mchana mzima. Ilimbidi achague, si kwa sababu kuna sheria, bali kwa sababu ziwa lilikuwa limejaa watu. Alipojaribu kuvua, kijiji kimoja ambacho hakukigusa kilimpokea, mvuvi mmoja akamwonyesha penye samaki, na akajikuta anailinda pwani ile dhidi ya maharamia wengine, kwa jasho, bila ngoma, na hiyo ikawa mbio nzuri kuliko zote. Kila alichokisema siku ile redioni kilikuwa kimefanywa. Kimefanywa kwa kumdhalilisha, na kimefanywa vizuri. Alimchukia Lugano kwa tusi, kisha akamchukia zaidi kwa ustadi.

Na yale maneno alikuwa ameyatafuta. Aliteka bila sababu, pwani baada ya pwani, akisikiliza. Hayakuwepo.

Rut aliingia kuchukua kibiriti.

"Lile la baba yako?" akauliza.

"Ameliondoa."

Mama yake alisimama pale na kibiriti mkononi. Aliuliza kama yule mvuvi mwenye sauti ya kizee yuko bado, na Felista akamjibu kwamba hayuko. Rut akaitikia, akaenda kuwasha moto wake.

Felista akavaa ndala, akaenda nyumba ya nne. Alimkuta mama yake Lugano akipepeta mpunga, akamwamkia. Mama yule alijibu kwa shida, akaelekeza kidevu chumba cha uani. Lugano alikuwa akikunja nyaya na kuzipanga ndani ya sanduku. Alipomwona hakusimama.

"Umekuja kulia," akasema, "au umekuja na barua ya wakili?"

"Nimekuja kukuambia nitalisemea tena redioni. Bwana Eliya akikataa nitasemea sokoni."

"Sema. Kila ukisema linauzwa."

"Nitasema ni kitu kizuri kuliko vyote ulivyowahi kutengeneza. Na nitasema ulikitengeneza kwa chuki."

Lugano aliacha nyaya. Kwa mara ya kwanza tangu arudi alimtazama usoni kwa muda mrefu, na hapakuwa na wema wowote katika kutazama kule.

"Sikukifanya kwa ajili yako."

"Najua."

"Niliyaondoa yale maneno kwa sababu yalikuwa yanachosha. Wachezaji walilalamika. Usidhani vinginevyo."

"Sijadhani kitu." Felista alikwisha kugeuka, kisha akarudi. "Yule mwanamke wako amekosewa. Mtu anayezunguka nyumba kwa nyumba kuwaamsha watu hapigi kelele. Angepiga kelele, maharamia wangemsikia. Anasema polepole, tena karibu na sikio. Ungemfanya hivyo angetisha."

"Toka uani kwetu," Lugano akasema.

Felista akatoka. Mama yake Lugano aliacha ungo, akamtazama hadi alipofika njiani, na hakumuaga.

Wiki ile Lugano alisafiri. Hakuaga mtaa, na mtaa ukamlaumu Felista kwa hilo pia. Bwana Eliya, aliyekwisha kugundua kwamba Jumamosi bila zogo haina wasikilizaji, akamrudishia kipindi chake kwa sharti kwamba awe mpole. Felista alikaa mbele ya maiki akawa mkweli. Alisema toleo jipya la Mwera linamfanya mtu aone haya ya kuiba bila kumhubiria, jambo ambalo mahubiri mengi yameshindwa. Alisema bado lina mapungufu: ukikifanyia kijiji wema mara tatu unakuwa mfalme, kitu ambacho hakijawahi kutokea Mwaya, na ufinyanzi wa vyungu umewekwa na mtu ambaye hajawahi kushika udongo. Alisema mhusika mwenye jina lake ni mbaya wa sura na ndiye roho ya gemu zima, na kwamba aliyemchora alikusudia nusu tu ya hayo. Juu ya baba yake hakusema lolote.

Simu zilipofunguliwa, wa kwanza alikuwa mwanamke wa Njisi aliyejitambulisha kwa jina la Elizabeth. Alisema yeye hachezi magemu, ila alifuatilia ugomvi ule tangu siku ya wimbo, na amefurahi leo kusikia mtoto wa Mwaya akisifiwa. Akashukuru kwa Kinyakyusa, ndaga fijo, kisha akauliza lililomtoa shambani.

"Kwa hiyo, mwanangu, mmepatana?"

Nyuma ya kioo Lameck aliinua kichwa.

"Hapana, mama," Felista akasema, akapokea simu nyingine.